Ng'ombe Aliyeishia Shingoni

Padri aliyesimamia nyumba ya chapa aliniambia masharti yote siku ya kwanza, tukiwa tumesimama mlangoni, kabla sijaweka hata furushi langu chini.

"Mvua hizi zikiisha nakwenda Ulaya," alisema. "Sirudi tena kwenye kazi hii. Sitaki mtu wa kunisaidia. Nataka mtu wa kukaa pahali pangu. Ukiweza, utabaki hapa. Usipoweza, utakwenda kufundisha watoto shule ya kijijini, kama diplome yako inavyosema."

"Ndiyo, Padri," nilijibu, na papo hapo nikaanza kuwaza. Aliposema "ukiweza", je, alikuwa na shaka? Kama alikuwa na shaka, mbona aliniita? Ao aliniita kwa sababu hakumpata mwingine? Nilikuwa nimetoka shule ya walimu miezi michache tu, nikiwa na shati moja la kuendea kanisani na viatu vilivyonibana. Hadi jioni ile nilikuwa bado nalirudia neno lile moja kichwani, nikilisikia kila mara kwa sauti tofauti.

Misioni ilikuwa juu ya kilima upande wa Masisi, pahali ambapo ukungu unaingia dirishani kama mgeni asiyebisha hodi. Gazeti letu lilitoka kila mwezi kwa Kiswahili, kurasa chache, na makatekista waliliuza Jumapili nje ya makanisa, kuanzia Kirolirwe kwenye malisho ya ng'ombe hadi ndani kabisa ya pori la Walikale. Maneno yaliandikwa na Padri na walimu wa shule. Picha alizipiga yeye mwenyewe kwa mashine yake iliyofungwa katika mfuko wa ngozi. Herufi za risasi zilipangwa na wafanyakazi wawili wa siku nyingi. Kazi iliyobaki, ile aliyotaka kuniachia, ilikuwa kuamua sura ya ukurasa: picha ipi iingie, iwe kubwa kiasi gani, ikatwe wapi, kichwa cha habari kikae juu yake ao chini, na wapi paachwe peupe.

Kazi hiyo niliitamani tangu utoto kijijini kwetu Mpofi, katika pori la Walikale, wakati Wazungu walipokuwa katika vita vyao na sisi tukipelekwa porini kugema utomvu wa mpira. Katekista wetu alikuwa mjomba wangu. Nyumba yake ya udongo ilipasuka kila kiangazi, na ili kuzuia upepo alibandika ukutani kurasa za magazeti ya Ulaya aliyopewa misioni, kwa uji mzito wa muhogo. Kifaransa hakukijua, kwa hiyo kurasa nyingine zilikuwa kichwa chini, miguu juu. Wenzangu walikariri katekisimu, mimi nikitazama ukuta. Kulikuwa na ukurasa mmoja wenye picha ya kiatu kimoja tu, kidogo, kimesimama pembeni kabisa, na chini yake maneno matatu. Pengine pote palikuwa peupe.

"Papa," nilimwuliza mjomba siku moja, "nani aliacha hapa bila kuandika?"

"Wino iliisha," alijibu. "Soma ile ya mbele yako."

Sikumwamini. Wino hauishi namna ile, ukaacha pahali panapokufanya utazame kiatu cha mtu usiyemjua hadi uanze kumhurumia mwenyewe. Kuna mtu aliamua. Niliwaza juu ya mtu yule miaka yote ya shule. Furere, mtawa aliyetufundisha kuchora, alinithibitishia kwamba yupo kweli: katika magazeti makubwa ya Ulaya kuna mtu ambaye haandiki wala hapigi picha, ila hakuna ukurasa unaotoka bila yeye. Kisha akacheka na kusema, "Lakini si huku." Sasa huku palikuwa na nafasi moja, na pengine ilikuwa moja tu katika nchi yote niliyoijua. Nikiikosa, nitaitafuta wapi?

Nilifanya kazi kama mtu anayebeba mayai. Nilisogeza picha upana wa kidole, nikarudi asubuhi nikairudisha. Niliogopa kwamba mama aliye katika picha moja, kwa kuwa anatazama nje ya ukurasa, atamtoa na msomaji nje. Nilijiuliza kama wasomaji wetu wanaanza kutazama kushoto ao katikati, na sikuwa na mtu wa kumwuliza. Mkubwa wa wapanga herufi, mzee mwenye kucha nyeusi za wino, alinisikiliza mara moja tu nikieleza jambo hilo, kisha akanipa jina ambalo wote walilishika.

"Bwana Makasi," alisema, "mi nataka kujua kintu kimoja. Nipange mistari ngapi?"

"Bado naangalia, Papa."

"Unaangalia tangu jana. Hii karatasi itaota ndevu."

Kisha ikaja zamu ya gazeti la maziwa. Laiteri, kiwanda cha maziwa, ilikuwa inanunua maziwa kwa wafugaji, na Padri alitaka toleo zima kuhusu jambo hilo. Alikwenda Kirolirwe kwa mzee mmoja Mkristo, mfugaji aliyejulikana kwa ng'ombe wake wenye pembe ndefu, akarudi na picha moja nzuri. Nzuri kwa macho yake. Ng'ombe alisimama ubavu, mzima, kuanzia pua hadi mkia, na mzee kando yake ameshika fimbo. Mimi niliona meza ya miguu minne yenye pembe.

Niliitazama picha ile hadi macho yakauma. Mwishowe nilichukua karatasi mbili nyeupe, nikazilaza juu yake, nikawa nazisogeza polepole, moja kutoka kulia, nyingine kutoka chini. Mkia ukaondoka. Kisha mgongo. Kisha mzee na fimbo yake. Karatasi zilipofika shingoni nilisimama. Kilichobaki kilikuwa kichwa peke yake: pembe zimejaa ukurasa mzima, pua yenye unyevu, jicho moja kubwa jeusi lililonitazama kama linanijua. Nilisikia nywele zikisimama. Nikachukua penseli ya buluu nikachora mistari ya kukatia, mara moja, bila kufuta.

Padri aliishika karatasi ile muda mrefu. "Peleka," alisema. Neno moja.

Bamba la chuma lenye picha, lile tuliloliita kliche, lilitengenezwa Bukavu na kurudi kwa gari la mizigo, limefungwa katika sanduku la mbao na majani makavu. Gazeti lilichapwa. Majuma yale yalikuwa ya pekee katika maisha yangu. Nilikula. Nilicheka na wapanga herufi. Niliwaza tu kwa kiasi ambacho watu wengine wanawaza. Hata nilimwomba Padri ruhusa nifuatane na mzigo wa Kirolirwe, kwa sababu nilitaka kuona nyuso za watu wakati wanapoliona jicho lile.

Misa ilipoisha, katekista wa Kirolirwe alifungua kamba ya furushi kwenye majani mbele ya kanisa. Mzee mwenye ng'ombe alikuwa amefika mapema, amevaa koti refu na kofia, na ilionekana wazi amewaambia watu wote, maana walimpisha apite mbele. Alipokea gazeti kwa mikono miwili. Akalitazama. Akaligeuza upande wa nyuma. Akalifungua, akapekua kurasa za ndani moja moja, akarudi tena mbele.

"Njo hii?" aliuliza.

"Njo hii, Papa," katekista alijibu.

"Na ingine yake iko wapi?"

"Ingine ya nini?"

"Ya ngombe! Ngombe yangu iko na mugongo. Iko na maziwa, njo mulikuja kuandika juu yake. Iko na miguu ine. Mumepeleka wapi?"

Watu wakaanza kusogea. Nilijipenyeza hadi mbele.

"Papa, ni mimi niliyepanga," nilisema. "Nilitaka bantu waone jicho lake vizuri."

Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Weye njo ulikata?"

"Nilikata picha, Papa. Sikukata ngombe."

Vijana walicheka. Mzee hakucheka. Mke wake, mama mrefu aliyesimama nyuma yake na kibuyu kilichofungwa kwa kitambaa, ndiye aliyejibu.

"Musimuhangaishe huyu mutoto. Munasikia vile anasema? Ni muntu wa pori. Bale bakiona ngombe banaona sufuria."

Hapo walicheka wote, hata katekista, akiwa ameziba mdomo kwa mkono. Nami nilicheka kidogo, kwa woga.

Ni katekista aliyenieleza baadaye, tukikaa pamoja kando ya kanisa na furushi letu. Katika nyumba zile, ng'ombe wanaporudi jioni, mwenye ng'ombe anamsifu yule anayempenda kwa sauti. Anaanza kwenye pembe, anashuka kwenye paji la uso, shingo, mgongo, anafika kwenye mkia na kwato, na hakatizi. Sifa zinakwenda pamoja na mwili wote. Kichwa cha ng'ombe kikiwa peke yake wanakiona pahali pamoja tu, kwa mchinjaji. Mzee yule alikuwa ameahidiwa sifa mbele ya kanisa zima, nami nikampa kichwa kilichochinjwa, kikubwa, chenye jicho wazi.

Sikuweza kumweleza katekista kilichokuwa akilini mwangu, maana kingezidisha kicheko. Kwetu Mpofi hatuna ng'ombe. Mnyama tunamjua akirudi kutoka kwenye nyavu, na tunamjua kwa sehemu: paja la huyu, mbavu za wale, ini la yule. Kichwa hakigawiwi ovyo. Kichwa kinapelekwa kwa mkubwa wa ukoo, na anayekipokea anasimama kukipokea. Nilipozisogeza karatasi zile mbili hadi shingoni, nilikuwa nampa ng'ombe wa mzee sehemu ya heshima. Sikujua hata kwamba nafanya hivyo. Nilidhani ni ufundi.

Kabla ya maelezo hayo, mzee alikunja gazeti kwa ndani, kichwa kisionekane, akalirudisha kwa katekista. Waliokuwa nyuma yake wakayarudisha yao vilevile, bila kelele, mmoja mmoja, kama watu wanaopita mbele ya maiti. Nilirudi misioni na furushi karibu kama lilivyokuja.

Nilimkuta Padri akinywa kahawa. Nilimweleza yote, nikisubiri anigombeze. Hakunigombeza.

"Ni ukurasa mzuri kuliko yote niliyotoa hapa," alisema.

"Lakini, Padri?"

"Lakini umerudi." Akaweka kikombe chini. "Toleo linalofuata ni la Walikale. Nilipiga picha kwenu, Mpofi. Hapo huwezi kusema hujui watu."

Ningependa angepiga kelele. Kelele zingeisha. Maneno yale mawili, "lakini umerudi", yalinifuata kila pahali, na nikawa nayageuza: alisema ukurasa ni mzuri ili kunituliza, ao alisema umerudi ili kunionya? Kama ukurasa ulikuwa mzuri na ukarudi, basi uzuri ni wa nani?

Picha ya Mpofi ilikuwa ya wawindaji. Walisimama wengi ukingoni mwa pori, nyavu begani, mbwa miguuni wakiwa na kengele za mti shingoni. Baba yangu alikuwa katikati. Pembeni kushoto mtu mmoja alifichwa nusu na mti; upande wa kulia mkia wa mbwa ulikaribia kutoka nje ya picha; juu palikuwa na majani matupu, karibu nusu nzima ya picha. Mtu yeyote angekata majani yale. Ningeyakata mimi mwenyewe miezi miwili kabla.

Sasa kila nilipoweka karatasi juu ya picha niliona watu mbele ya kanisa. Nikimkata yule aliyefichwa na mti, ndugu zake watasema nimemzika. Nikikata mkia wa mbwa, mwenyewe ataona nimemharibia mbwa. Na majani? Nilijua, kama kila mtoto wa kwetu anavyojua bila kuambiwa, kwamba wazee kadhaa wanaopokea komunyo Jumapili wanaingia porini siku nyingine kwa mambo yao ya zamani. Labda mti ule mkubwa una maana yake. Labda ukikatwa juu ni vibaya, labda kuuonyesha mzima ndiyo vibaya zaidi. Ningeweza kumwandikia baba nimwulize. Lakini kuuliza tu kungeonyesha kwamba nimewaza jambo hilo, na pengine si ruhusa kuliwaza.

Basi sikukata kitu. Niliiacha picha nzima kama ilivyotoka katika mashine ya Padri. Ili ienee kwa upana wa ukurasa na majani yake yote, watu walibaki wadogo sana chini.

"Una hakika?" Padri aliuliza.

"Ndiyo, Padri."

Sikuwa na hakika ya kitu chochote, hata ya jina langu.

Nilipeleka mwenyewe mzigo wa Mpofi, kwa miguu kipande cha mwisho kwa sababu daraja lilikuwa limeharibika. Nilifika Jumamosi, na habari zilikuwa zimenitangulia: mtoto wetu ametuweka mbele ya gazeti. Jumapili walinunua haraka, wakaenda kukaa vikundi vikundi. Kisha nikasikia kicheko cha kwanza.

"Hii ni bantu ao ni siafu?"

"Ule ni weye, angalia. Kichwa kama punje ya muchele."

"Mi niko na tumbo kuliko hii!"

"Ulikuwa na tumbo. Mutoto wa kwetu amekula."

Walicheka vizuri, bila ubaya, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi, kwa sababu hakukuwa na hasira ya kuomba msamaha. Baba yangu hakuwa anacheka. Alichukua gazeti akaenda nalo mlangoni pa nyumba, kwenye mwanga, akaliweka karibu na macho, akalitenga mbali, akalisogeza tena.

"Niko wapi?" aliuliza.

Nilikwenda nikamwonyesha kwa ukucha. "Hapa, Papa."

"Huyu?"

"Huyu."

"Na huyu wa karibu ni kaka yangu?"

"Ni mbwa, Papa."

Nilisikia wengine nyuma yetu bado wanatafutana kwenye karatasi. Baba alikunja gazeti, akaliweka juu ya kasha, na alipozungumza hakunitazama.

"Nilisikia kule Kirolirwe ulifanya ngombe kubwa. Ukurasa muzima. Banasema pembe zilikuwa zinatoka inje."

"Ndiyo, Papa."

"Ngombe ya bantu ulifanya kubwa," alisema. "Baba yako umemufanya kadogo."

Nilirudi misioni nikijipangia majibu ambayo ningempa. Ningemwambia niliogopa. Ningemwambia kwamba kumwacha mdogo kulikuwa ni kumlinda. Hata hivyo, kila jibu lilipofika mwisho wake lilikuwa la kweli na halikusaidia.

Mvua zilikuwa zinaisha. Masanduku ya Padri yalisimama uani, yamefungwa kamba. Asubuhi moja aliniita, akaweka picha mbili mbele yangu, zote za mgodi wa Rubaya. Ya kwanza ilikuwa ya wabebaji wanaopanda kilima, mmoja nyuma ya mwingine, na mizigo ya mawe ya mgodi kichwani. Ya pili ilikuwa ya akina mama wanaouza chakula kwa wachimbaji.

"Chagua moja," alisema. "Kata. Sasa hivi. Mimi nasimama hapa."

Nilijua maana yake. Hakuhitaji kunieleza.

Nilianza na wabebaji. Mstari wao ulikuwa mrefu kuliko ukurasa. Lazima mtu aondoke. Nani? Wa kwanza alikuwa na uso mzuri, lakini mguu wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na huenda hapendi kuonekana hivyo. Wa mwisho alikuwa ameinama hivi kwamba ungefikiri anaanguka. Nikimwacha, ni kumwaibisha. Nikimtoa, ni kusema hakubeba. Nikaenda kwa akina mama. Mmoja alikuwa anacheka na mchimbaji aliyesimama karibu. Je, ana mume? Mume wake atanunua gazeti? Nilishika penseli ya buluu, nikaigusisha karatasi, nikaiinua tena. Nilisikia mashine ya chapa upande wa pili wa ukuta, na mkubwa wa wapanga herufi akiimba kwa sauti ya chini, na Padri akipumua.

"Padri," nilisema, "naweza kwenda Rubaya kwanza, niwaulize?"

"Uwaulize nini?"

"Wapi nisikate."

Alicheka kwa ufupi, kisha akaacha, kama aliyetambua kwamba sikufanya mzaha.

"Gazeti linatoka kila mwezi, mwanangu."

"Nitakwenda na kurudi upesi."

"Na toleo linalofuata? Na lile la baada yake? Utauliza kila mtu?"

"Wale walio katika picha tu, Padri."

"Na wale wanaosoma?"

Nilisimama pale na penseli mkononi hadi kengele ya saa sita ikalia. Padri alifanya ishara ya msalaba, akasali, akamaliza. Kisha akaichukua penseli kati ya vidole vyangu, kwa upole, kama unavyomtoa mtoto kisu, akachora mistari minne juu ya wabebaji. Alikata mzigo wa mtu wa kwanza. Alimkata wa mwisho usoni. Waliobaki walikuwa shingo na mikono tupu, mfululizo, wakipanda. Ilikuwa picha nzuri. Niliona mara moja kwamba ni nzuri, na kuona huko kuliniumiza kuliko yote, maana jicho langu lilikuwa bado linafanya kazi. Padri aliwapenda watu wale, nimeishi naye na ninajua. Lakini hakuwa mtoto wa mtu yeyote pale. Hakuna aliyemngojea mlangoni na gazeti mkononi.

"Basi," alisema.

"Naomba nibaki hata kwa kupanga herufi, Padri."

"Wapo wawili, wanatosha. Na Padri anayekuja hapendi picha mbele. Ataweka maneno tu." Aliangalia dirishani, akatafuta neno jingine, akalikosa. "Utakuwa mwalimu mzuri. Unajali."

Mkubwa wa wapanga herufi alinisindikiza hadi barabarani, akijifuta mikono kwa kitambaa chenye petroli.

"Usihuzunike sana," alisema. "Kazi hii ni ya bantu ambao habawazi."

"Na weye, Papa?"

"Mi nawaza nyumbani."

Nilisikia baadaye kwamba toleo la Rubaya liliuzwa kila pahali bila lawama yoyote. Hakuna aliyelirudisha, hakuna aliyeuliza uso wa mtu wa mwisho kwenye mstari ulikwenda wapi. Wabebaji hawakununua gazeti.

Nilipelekwa kufundisha Mpofi. Nilifika nyumbani mchana, mama yangu akiwa nyuma ya nyumba anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuuliza kwa nini nimerudi. Hilo alikwisha kuambiwa na wengine. Aliendelea kutwanga, kisha akasimamisha mchi.

"Mwanangu, unifasirie. Hii kazi ulikuwa unatafuta kule, ilikuwa kazi gani?"

"Ya kupanga picha pa karatasi, Mama."

"Picha, ni weye ulikuwa unapiga?"

"Hapana. Ni Padri."

"Maneno, ni weye ulikuwa unaandika?"

"Hapana, Mama. Walimu."

"Kuchapa?"

"Bale wa mashine."

"Na weye sasa?"

"Mi naonyesha pale pa kuweka. Na pale pa kukata."

Aliwaza. Aliwaza kwa bidii, niliona, paji lake limekunjwa, akitafuta ndani ya maneno yangu kitu anachoweza kuwaambia majirani.

"Na pale Padri amekwenda," aliuliza, "nani anaonyesha?"

"Hakuna muntu. Baliacha ile kazi."

"Na gazeti inatoka?"

"Inatoka, Mama."

Alitikisa kichwa polepole. Hakutaka kunidharau. Alikuwa ameuliza tu, na nilikuwa nimejibu. Aliinua mchi akaendelea na sombe yake, na mimi nikakaa kwenye gogo kando yake, nikitafuta jambo moja la kuongeza ambalo lingefanya kazi ile ionekane kazi, hadi aliponiambia nihame kidogo kwa sababu namzuilia mwanga.